Maji ya Nani

Usiku wa jana niliota, na naomba nisiulizwe nilikula nini. Nilikula viazi na maziwa lala kama kila mtu anayelala nyumbani kwa Kogo.

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa kabla sijafumba macho, maana ndoto yenyewe haikunipa nafasi. Kogo Tabutany ni nyanya yangu mzaa mama. Sisi ni Waogiek, watu wa msitu na asali, na kila ukoo wetu una ukanda wake wa msitu unaoanzia kichakani huko chini na kupanda hadi kwenye mianzi. Ukanda wa kwetu hauna ukuta wala seng'enge. Una hadithi. Ni hadithi ya Mosonik, aliyemfuata mlembe, yule ndege anayewaonyesha watu asali, kutoka chini hadi juu, akivuka mto baada ya mto. Anayeijua hadithi anaujua mpaka. Mpango huu ulifanya kazi vizuri sana mpaka walipokuja watu wenye akili.

Leo asubuhi Jopo la Ushahidi wa Ardhi linakaa mjini kuisikiliza hadithi hiyo. Wasipoisikia ikafika mwisho, ukanda wetu utapandwa mikaratusi, na sisi tutapigwa picha ya pamoja na kushukuriwa kwa ushirikiano wetu.

Sasa, Kogo amekataa kusimulia. Si kwamba amesahau. Kwetu hadithi ni kazi ya watu wawili: mmoja anasema, mwingine anaitikia. Aliyemwitikia Kogo tangu ujana wao ni Babu Lesingo, mdogo wa marehemu mume wake, na Babu Lesingo tulimzika wakati wa baridi. Tangu siku hiyo Kogo hajasimulia hata habari za jirani. Ukimwomba, anakuuliza, "Nimsimulie nani, ukuta?" Ndipo Mjomba Sembui, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu katika familia yetu, alipoamua kwamba mimi Chesang, kwa kuwa nina diploma ya mawasiliano, nitasoma muhtasari. Niliuandika mwenyewe. Ni muhtasari mzuri. Neno "endelevu" limo katika kila aya.

Nikaupitia mara ya mwisho, nikalala kwenye kitanda kinachoelekeana na cha Kogo, na mara moja nikajikuta ukumbini.

Ni ukumbi wa hoteli, mchana kweupe. Viti vimevishwa nguo nyeupe na kufungwa utepe wa zambarau kiunoni, tayari kuolewa. Mbele kuna meza ndefu, na nyuma ya meza limeketi Jopo. Lina wajumbe wawili. Mwenyekiti ni bikoni, ile nguzo fupi ya zege ambayo wapimaji huizika kwenye kona ya shamba. Amevaa tai. Katibu ni chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, yenye picha ya mlima kifuani.

"Karibu," anasema Bikoni. "Tumesoma mengi kuhusu nyinyi."

"Aliandika nani?"

"Wengine."

Namshukuru. Namuuliza kama amewahi kufika msituni kwetu.

"Mimi hufika mara moja tu," anasema, "na nikishafika siondoki. Soma."

Nasoma kwa sauti ile ya taarifa ya habari, niliyofundishwa chuoni. "Hapo kale, mzee Mosonik alimfuata mlembe kuelekea msituni kwa njia endelevu." Ukuta ulio nyuma ya Jopo unafunguka kama pazia, na Mosonik mwenyewe anaingia. Amevaa vazi la ngozi za pimbi, ana mfuko wa asali begani na shoka mkononi. Anainua mguu wa kulia kupiga hatua. Hapo hapo anakwama. Mguu hauendi mbele wala haurudi chini.

Tunamsubiri. Ukumbi mzima umekaa kimya, mikono imekunjwa, heshima tupu.

"Mwanangu," anasema Mosonik, "nani anaitikia hapa?"

"Wanakusikiliza kwa makini sana."

"Naona. Ndiyo maana mguu uko juu."

Namgeukia Bikoni. Namwomba aseme japo "eeh" moja, ndogo, ya kumsaidia mzee ashushe mguu. Chupa ndiye anayejibu, huku mapovu yakimpanda shingoni.

"Jopo haliruhusiwi kuitikia ushahidi. Likiitikia litaonekana limesikia."

Nikasema "eeh" mwenyewe, kwa sauti ya chini. Mosonik akanitazama kwa huruma.

"Huwezi kusema na kujiitikia," akaniambia. "Hiyo ni redio."

Bikoni akakohoa vumbi la saruji. Alisema Jopo lina shughuli nyingine mchana huo, na kwamba yeye binafsi anashindwa kuelewa jambo moja: kama babu yetu hawezi kuvuka ukumbi wa hoteli wenye zulia, aliuvukaje msitu? Chupa akapendekeza uamuzi. Ukoo huu umethibitisha kumiliki unyayo mmoja, wa kushoto, ule uliokuwa chini.

"Tunawapa unyayo wote," akasema Bikoni. "Hatutaki kuonekana wachoyo."

Nikaingiwa na hofu ya kweli. Nikaomba aitwe msimuliaji.

"Kwani hayupo?" anauliza Chupa.

Yupo. Kogo ameketi kando ya birika la chai, kwenye kiti chenye utepe, anamenya viazi ndani ya karai. Anaonekana yuko hapo tangu asubuhi na hakuna aliyemkaribisha chai. Ganda la kiazi halikatiki. Linashuka kutoka kisuni, linapita chini ya meza ya Jopo, linatoka mlangoni, na huko nje limeshakuwa njia ya vumbi yenye miiba pande zote mbili.

"Kogo, simulia."

"Nimsimulie nani?"

"Mimi nitaitikia."

Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto wa chekechea anayesema atabeba gunia. "Unajua kuitikia?"

"Kogo, mimi nimehudhuria warsha nyingi. Kukubali ndiyo kazi yangu."

Akashusha pumzi. Akachagua kiazi kipya, kikubwa.

"Mosonik alitoka kichakani," akasema.

"Eeh," nikasema.

Mguu ukashuka. Sauti ya unyayo ule kugusa ardhi ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia katika ukumbi wa mikutano, na nilifurahi mno, nikajiona nimeweza. Ukumbi ukaondoka. Viti vikawa vichaka, na utepe wake wa zambarau ukabaki umefungwa.

Tunatembea juu ya ganda la kiazi. Mosonik yuko mbele, mimi niko katikati, na Kogo anafuata akiwa ameketi, kwa kuwa kiti chake kina miguu minne na kinajua kuitumia. Nyuma yetu nasikia tup, tup, tup. Ni Bikoni anayeruka kwa kitako chake bapa, tai inampiga usoni. Chupa anabingirika.

"Wanakuja kufanya nini?" namuuliza Mosonik.

"Ziara ya kutembelea eneo," anasema. "Mara zote huja. Ila mara nyingi hawana wa kumfuata."

"Akafika kwenye maji," anasema Kogo.

"Eeh," nasema.

Kisu kimesimama kwenye kiazi. Nahisi kuna kitu ninachodaiwa, kwa hiyo naongeza, "Sawa kabisa."

Kogo bado anangoja.

"Tuko pamoja," nasema.

Kogo akatikisa kichwa, akaendelea kumenya. "Akavuka," akasema, bila raha.

Tup. Bikoni akatua katikati ya mto. "Asante sana," akasema. "Maji haya hayana mwenyewe. Nimewasikia kwa masikio yangu mkikubaliana." Akazama taratibu hadi kwenye fundo la tai na kutulia. Kando zote mbili za mto ikachomoza mikaratusi, mstari baada ya mstari, imenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride, na kila mmoja ukawa unautazama ule wa mbele yake kisogoni. Chupa akafungua kizibo, akaunywa mto wote, akajifunga. Chura mmoja alipita mbele yangu akiwa na kibegi. Hakunisalimu.

Nilimwuliza Kogo nimekosea wapi.

"Endelea tu," alisema. "Unakubali vizuri. Hata mikaratusi imefurahi."

Hapo simu yangu ikalia. Ni Mjomba Sembui. Anataka kujua kama nimewashukuru wageni waalikwa kwa kufuata vyeo vyao. Namwambia niko njiani. Ananiuliza njia gani. Namwambia ganda la kiazi. Anasema sawa, ila nisisahau kumtaja yeye kama mwezeshaji. Nilipoirudisha simu mfukoni, nikamkuta fisi amesimama katikati ya njia, mdomo wazi, meno yote nje, hatoi sauti yoyote.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Nina nusu ya kicheko," alisema fisi kwa shida. "Bibi yako amesema fisi akacheka. Mimi nikaanza. Wewe ukapokea simu. Sasa kimekaa hapa." Akanionyesha ubavu.

"Eeh," nikasema haraka. "Eeh, pole."

"Ha," akamalizia fisi, bila furaha hata chembe. Akajinyoosha mgongo. "Mzee Lesingo hakuwahi kunifanyia hivi. Miaka yote nimecheka na nikamaliza."

"Babu Lesingo alifariki."

"Najua. Yuko pale."

Akanionyesha mtarakwa mkubwa kando ya njia, mzinga wa nyuki umelazwa kwenye matawi ya juu. Kogo alikuwa anachagua kiazi kingine karaini, hivyo hadithi ilikuwa imepumzika. Nikavua viatu, nikapanda. Katika maisha ya kawaida siwezi kupanda hata ngazi ya kubadilishia balbu.

Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Nikaugonga mzinga kwa kidole.

"Shika tawi lile nene," ikasema sauti ya Babu Lesingo kutoka ndani. "Hilo ulilolishika ni la kudanganyia mbega."

Nilibadilisha mkono. "Babu? Tulikuzika."

"Mlinizika vizuri. Hotuba tu ndizo zilikuwa ndefu. Sembui alizungumza mpaka nikataka kutoka nimpokonye kipaza sauti."

"Sasa unafanya nini huku?"

"Nimekufa, Chesang," alisema. "Sijahama."

Nikamweleza kwamba naitikia na mito inapotea. Akaniuliza naitikiaje. Nikamwambia: nasema eeh, sawa kabisa, tuko pamoja. Ndani ya mzinga kukatokea mvumo, na nikatambua kwamba nyuki wanacheka. Mmoja alitoka nje kupata hewa.

"Hivyo ndivyo watu wanavyofunga mkutano," alisema Babu. "Bibi yako akisema Mosonik amefika kwenye maji, unamuuliza, maji ya nani? Akisema amefika kwenye mwamba, unamuuliza, mwamba wa nani? Usipouliza, hataji. Yeye hawezi kujitajia tu kama kasuku, si adabu. Na asipotaja, yule jamaa wa zege anakaa."

"Lakini wewe ulikuwa unayajua maji yale. Umeyanywa tangu utoto. Kila jioni ulikuwa unamuuliza maswali yale yale. Sisi wajukuu tulikuwa tunatazamana, tukidhani umeanza kusahau."

"Niliwaona mkitazamana."

"Basi kwa nini uliuliza?"

Nyuki mmoja alikuja akakaa kwenye mkono wangu, akangoja jibu pamoja nami.

"Nilipenda kumsikia akiyataja," alisema Babu Lesingo. "Hilo usimwambie."

Nililia hapo, juu ya mti, peku, mbele ya nyuki. Nilimkumbuka vile alivyokuwa akiinamisha kichwa akiuliza, mkono kwenye sikio, na Kogo alivyokuwa akinyoosha shingo kabla hajajibu. Nilikuwa nimemkosa Babu Lesingo tangu wakati wa baridi na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kuandika muhtasari.

"Na ule mto wa kwanza?" nikauliza. "Bikoni ameshakaa."

"Mwambie bibi yako hukusikia. Arudie."

"Atanitukana."

"Atakutukana," alisema Babu, "halafu atarudia. Shuka sasa. Ameshapata kiazi."

Nikashuka. Kogo alikuwa ameinua kisu. Nikasimama mbele ya kiti chake, na kiti kikarudi hatua moja nyuma, kwa tahadhari.

"Kogo, turudi kwenye maji ya kwanza. Sikusikia."

"Napinga," ikasema sauti ya Bikoni kutoka mbali. "Hadithi haina rufaa."

Kogo hakumjali. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu vilivyojaa utomvu. "Hayo masikio ulipewa ya kutundikia herini?"

"Ndiyo, Kogo."

"Mjukuu mzima, umesomeshwa, unavuka mto wa watu kama ng'ombe aliyepotea."

"Ndiyo, Kogo."

"Nilijua. Nilimwambia mama yako wakati ule, huyu anasikia kwa mdomo."

Alipotosheka, akaweka kisu kwenye karai, akalishika ganda la kiazi kwa mikono miwili na kulivuta. Njia ikaanza kurudi kwetu, na juu yake vikaburutwa vichaka vyenye utepe, mikaratusi na mto mkavu, na Bikoni akiwa amekazana katikati yake. Chupa alikuwa anabingirika kwa kasi kuelekea upande usiofaa, lakini njia ikamrudisha.

"Akafika kwenye maji," akasema Kogo.

"Maji ya nani?" nikauliza.

Kogo hakunitazama mimi. Alitazama juu, kwenye mtarakwa, kule kwenye mzinga. Kisha akanyoosha shingo.

"Maji ya Chemorir," alisema. "Ya mama yake Mosonik. Hapa ndipo alipomwogeshea mtoto siku ya kwanza."

Kizibo cha Chupa kikaruka. Mto ukamtoka kwa nguvu, ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo, na Bikoni akang'oka na kuinuka juu ya maji.

"Nimefahamishwa kwamba zege haielei," alisema, akielea.

Mikaratusi ikang'oa mizizi na kuondoka kwa mstari, kwenda kutafuta kazi mahali pengine. Yule chura alirudi na kibegi chake. Safari hii alinisalimu, kwa baridi.

Sasa tunapanda. Hewa inapoa. Najua sasa kinachotakiwa, na naogopa kusinzia hata kwa neno moja. Akafika kwenye maji, anasema Kogo. Maji ya nani? Ya ukoo wa Kipsoen, wale waliogawana asali na wageni mwaka wa njaa kisha wageni wakakataa kuondoka. Akafika kwenye mwamba. Mwamba wa nani? Wa pimbi, na ukipita hapo unakohoa kwanza ili wajifunike. Akafika kwenye uwazi. Uwazi wa nani? Wa Tabutany.

"Wako wewe?" nauliza, ingawa sina hakika kama inaruhusiwa.

"Nilizaliwa hapo," anasema Kogo. "Mvua ilikuwa inanyesha. Hukuwahi kuuliza."

Bikoni anaruka nyuma yetu, maji yanamchuruzika. Anajaribu kukaa penye mwamba, pimbi wanamkohoa. Anajaribu kukaa kwenye uwazi, anaambiwa hapo kuna mtu anazaliwa, asubiri nje. Anajaribu kukaa kwenye mzizi, anaambiwa huo ni wa mjane fulani na hata yeye mwenyewe huwa anaomba ruhusa.

"Kwani hakuna hata mahali pamoja patupu?" akauliza. "Kwenye ramani kote ni patupu." Kisha akaona maji mengine mbele, meusi, yenye baridi, yanatoka chini ya mianzi. "Na haya? Haya ni ya nani?"

Chupa akaacha kubingirika.

"Mheshimiwa," akasema Chupa, "umeitikia."

"Sikuitikia. Nimeuliza."

"Kwa hawa ni kitu kimoja."

"Basi ifutwe."

"Haifutiki," alisema Chupa. "Nimeshaimeza."

Kogo alimjibu kwa heshima, kama anavyomjibu mtu yeyote aliyeuliza vizuri. Alimwambia maji hayo ni ya wote wanaofika wakiwa wamechoka, hata yeye. Bikoni hakujua aweke wapi uso wake. Aliinama kunywa, na kwa kuwa zege haikunjiki, akaanguka kifudifudi na kubaki hapo, akinywa.

Tukafika kwenye mianzi. Mlembe alikuwa anatungoja, anapiga ile sauti yake ya kiberiti kinachotikiswa. Mosonik akaweka mfuko chini, akapasua mti kwa shoka, akatoa asali. Kogo alikuwa amebakiza kipande kidogo cha kiazi mkononi. Nilijua kwamba ganda likiisha, hadithi imefika, na ukanda wote ni wetu, kutoka kichakani hadi hapa.

"Mlembe akashuka kudai chake," akasema Kogo.

Hapo ndipo penye swali la mwisho, na hata mtoto wa kwetu analijua. Ndege aliyekuonyesha asali lazima apewe fungu lake. Ukimnyima, siku nyingine atakuongoza moja kwa moja hadi kwa chui. Mlembe akatoka kwenye mwanzi, akafungua mabawa, na akakwama hewani juu ya kichwa changu, akingoja nimuulize Kogo, mlembe akapewa nini.

"Tafadhali," alisema mlembe. "Nina watu wengine wa kuongoza."

Nikafungua mdomo.

"Chesang," ikasema sauti ya Mjomba Sembui, na mianzi yote ikagongwa kama mlango. "Chesang, gari limefika. Huo muhtasari unao?"

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kogo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, leso kichwani, miguu peku sakafuni, ananitazama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtu aliyekatizwa neno. Nilimwamkia. Akanionyesha dirisha kwa kidevu.

Nje, Mjomba Sembui alikuwa ameacha kugonga mlango na sasa anapiga mswaki kando ya tangi la maji. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ndege mdogo wa rangi ya udongo. Hakuwa akiruka. Mabawa yake yalikuwa wazi na hayapigi. Upepo ulipita, nguo zilizoanikwa kwenye kamba zikatikisika, na yeye hakutikisika. Mjomba akasukutua, akatema, akanawa uso, akaenda kumwambia dereva azime injini, na wakati wote huo hakuinua macho.

Niliona aibu. Asubuhi mtu ana haya ya kuzungumza mambo ya usingizini, hasa mbele ya bibi yake ambaye hajasimulia neno tangu wakati wa baridi. Halafu nikamtazama tena yule ndege, nikaona ncha ya bawa moja imeanza kushuka kwa uchovu.

"Na mlembe akapewa nini?" nikauliza.

Kogo akanyoosha shingo.

"Akapewa sega," alisema, "lenye nta na watoto wa nyuki ndani, juu ya jani safi. Akala, akashiba, akasema hapa ndipo kwenu."

Ndege akapiga mabawa, akapita juu ya mabati ya jikoni, akaelekea msituni.

Kogo alijifuta macho kwa pindo la leso na kuniuliza viatu vyake viko wapi. Nikavitafuta chini ya kitanda, nikapiga magoti kumvalisha. Kamba zikanishinda, akanisukuma taratibu na kuzifunga mwenyewe.

"Huko mjini wakikaa kimya," alisema, "usiwatazame wao. Nitazame mimi, na uulize mapema. Mimi nimezeeka, Chesang. Sitaweza kukaa hewani muda mrefu."